Miwani ya Kusomea kwa Waliopita Miaka 40

Katika madarasa ya watu wazima maneno haya husikika mara nyingi: "Mimi nimezeeka, kichwa hakishiki tena." Kisha mtu huyo haji tena darasani. Lakini mtazame anaposoma. Hulisogeza gazeti mbali, hukunja uso, huenda mlangoni kutafuta mwanga. Herufi za ubaoni huzisoma, za daftarini humshinda. Kichwa chake ni kizima. Kinachomsumbua ni macho.

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, mna lenzi. Ni kitu kidogo, laini, kinachopitisha mwanga kama kioo. Tukitazama kitu cha karibu, lenzi hunenepa ili tukione vizuri. Miaka inavyokwenda, lenzi hukakamaa. Kuanzia miaka 40 hivi hainenepi tena vya kutosha, na maandishi ya karibu hufifia. Haya hayaletwi na kusoma sana, wala si kurogwa. Hufika kwa kila mtu. Utafiti wa Kongwa, mkoani Dodoma, uliochapishwa mwaka 2006, uliona hali hii kwa watu 6 hivi kati ya kila 10 wenye miaka 40 na zaidi.

Wengine husema, "Mimi sisomi vitabu, miwani ya nini?" Mama zangu, nani huchambua mawe kwenye mchele? Nani hutunga uzi kwenye sindano? Na mkulima asiyeona kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ya dawa ya wadudu hukisia. Kukisia sumu ni hatari. Huko Assam, India, wachuma chai wenye miaka 40 na zaidi waligawiwa miwani katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018. Waliopewa waliongeza uchumaji wao kuliko wenzao waliokuwa bado hawajapewa.

Miwani ya kusomea hufanya kazi ambayo lenzi ya jicho imeshindwa. Ina namba, kama +1, +1.5, +2 na kuendelea. Mtu wa miaka 45 mara nyingi hutosheka na namba ndogo. Wa miaka 60 huhitaji +2.5 au zaidi. Lakini macho hayafanani, basi jaribu. Kaa penye mwanga. Shika gazeti hili kwa umbali wa kutoka kiwiko hadi ngumi. Anza na namba ndogo, panda polepole. Ukiweza kusoma bila kukunja uso, simama hapo. Ukichukua kali zaidi, utalazimika kusogeza gazeti puani.

Miwani haiharibu macho. Baada ya miaka michache huenda ukahitaji namba kubwa kidogo, kwa sababu lenzi yako imeendelea kukakamaa. Unapotembea ivue, maana mbali itakuonyesha ukungu. Asiyeona vizuri mbali wala karibu hutengenezewa miwani yenye sehemu mbili, juu ya mbali, chini ya kusomea. Miwani ya marehemu babu usiirithi bila kuijaribu.

Mwaka 2021 Marekani iliruhusu matone ya kusaidia kuona karibu. Nguvu yake hudumu saa chache tu, na huandikwa na daktari. Si yale yanayouzwa mnadani, wala si utomvu wa majani. Hivyo vimepofusha watu.

Kabla ya kununua miwani, ni vizuri macho yapimwe. Nenda hospitali haraka ukiona jicho moja limepungua nguvu ghafla, linauma, ni jekundu, au mboni imeingia weupe. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri.

Na kuna jambo moja ambalo familia hulishangilia. Mzee wa miaka 70 anaitupa miwani na kusema anasoma bila hiyo, macho yamerudi ujana. Mara nyingi huo ni mwanzo wa mtoto wa jicho. Mpelekeni akapimwe, mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji.