Cherehani Isile Kitambaa Unapoanza Mshono

Kama unashona, au kikundi chenu kina cherehani, jambo hili unalijua. Unaweka kitambaa, unakanyaga, na mara cherehani inagoma. Kitambaa kimezama kwenye tundu la sindano. Chini yake nyuzi zimejisokota kama kiota cha ndege. Mafundi husema, "Imekula kitambaa."

Kitambaa chako kikiharibika utanung'unika, yataisha. Lakini kitambaa cha mteja ni deni. Mama amekuletea tetroni nyeupe. Anataka mashati ya watoto kabla shule hazijafunguliwa Januari. Tetroni hiyo ikitoboka penye ukosi, nani atalipa? Ni wewe.

Hebu tuone kinachotokea. Kitambaa husogezwa na meno. Ni yale meno madogo ya chuma yaliyo chini ya mguu. (Mguu ninaosema hapa si wako! Ni kile chuma kinachokandamiza kitambaa.) Ukianza kushona ukingoni kabisa, meno ya nyuma hayana cha kushika. Kitambaa hakisogei vizuri, lakini sindano inaendelea kupiga palepale. Kitambaa laini kinasukumwa tunduni. Wakati huohuo, ncha za nyuzi zilizolegea zinavutwa chini na kujifunga pamoja. Basi, ndicho kile kiota.

Sasa tuanze vizuri. Zungusha gurudumu kwa mkono mpaka kile kijiti kinachovuta uzi kifike juu kabisa. Vuta uzi wa bobini utokeze juu. Acha nyuzi zote mbili ziwe na urefu wa sentimita 10 hivi. Zipitishe chini ya mguu, uzielekeze nyuma.

Weka kitambaa. Usianzie ukingoni, ingia ndani kidogo, kama nusu sentimita. Teremsha sindano ndani ya kitambaa kwa kuzungusha gurudumu. Ndipo ushushe mguu. Shika zile ncha mbili kwa mkono wa kushoto, halafu shona polepole. Baada ya hatua tatu au nne za sindano, ziachie. Lakini zishike tu, usizivute. Ukivuta, sindano inapinda, inagonga chuma na kuvunjika.

Kwa cherehani ya kukanyaga, gurudumu lianze kwa mkono, upande wake wa juu ukija kwako. Ukianza kwa mguu tu, mara nyingi gurudumu hurudi kinyume. Likirudi, nyuzi husokotana au hukatika.

Je, ule ukingo ulioachwa bila mshono? Cherehani nyingi za zamani hazishoni kurudi nyuma. Anza sentimita moja ndani, shona kuelekea ukingoni, na usimame kabla hujautoka. Acha sindano ndani ya kitambaa, inua mguu, geuza kitambaa, shusha mguu, kisha shona ukirudi juu ya mshono uleule. Mwanzo umefungwa, haufumuki.

Kuna njia nyingine, nami naipenda kuliko zote kwa sababu haina gharama. Chukua kipande cha kitambaa ulichokatakata, kikunje mara mbili. Anza kushona juu yake. Ukifika mwisho wake, usikate uzi. Sogeza kitambaa cha mteja kikutane nacho, uendelee. Baadaye kata kile kipande. Kiota kikitokea, kitatokea kwenye kipande hicho, si kwenye shati.

Kwa kitambaa chepesi sana, weka karatasi ya daftari chini yake. Shona vyote pamoja, kisha ichane karatasi taratibu. Usitumie gazeti hili. Wino wake utachafua kitambaa cheupe, na pengine jirani bado hajalisoma.

Tazama pia sindano. Sindano butu haitoboi, inasukuma. Kitambaa chepesi kinataka sindano nyembamba, namba 9 au 11. Kitenge kinafaa namba 14. Kaki nzito, namba 16.

Na jambo hili huwadanganya hata mafundi wa siku nyingi. Wakiona nyuzi zimejaa chini, wanalaumu bobini. Fujo iko chini, lakini kosa mara nyingi liko juu. Uzi wa juu haukuingia katikati ya vile visahani viwili vinavyoukaza. Kwa hiyo inua mguu kwanza, visahani vifunguke, ndipo utunge uzi.

Ikiwa kitambaa kimekwisha kuliwa, usivute kwa nguvu. Inua mguu. Tikisa gurudumu mbele na nyuma kidogo kidogo mpaka sindano itoke. Toa bobini, kisha kata nyuzi za chini kwa wembe. Kitambaa kitainuka chenyewe. Safisha vumbi la nyuzi kwa brashi ndogo, utie tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia usitie, yanaganda. Shona kwanza kitambaa kibovu mpaka mafuta yasionekane.

ZOEZI: Chukueni kipande cha kanga kuukuu. Shoneni mshono mmoja kuanzia ukingoni, bila kushika nyuzi. Shoneni wa pili kama tulivyoeleza. Kigeuzeni kipande, mtazame upande wa chini. Mmeona tofauti gani?