Namna Nilivyojifunza Kufumbua Milinganyo ya Vipeo

Katika ujana wangu nilikuwa na kosa moja nililolishika kwa mapenzi makubwa: kila nilipoona namba mbili zenye vipeo, nilifanya haraka kuvijumlisha vipeo hivyo pasipo kutazama ni alama gani iliyosimama baina ya namba zenyewe. Siku moja mtihani ukatuletea 2ˣ + 2ˣ⁺¹ = 24, nami, kwa ushupavu wa mtu asiyejua kuwa hajui, nikaandika 2²ˣ⁺¹ = 24, nikakaa hata kengele ikalia, nikiisubiri x iliyokataa katakata kutokea.

Taksiri ilikuwa yangu. Vipeo hujumlishwa pale namba zenye kizio kimoja, yaani namba ya chini iliyo moja, zinapozidishwa; hutolewa zinapogawanywa; na kipeo kikipandishwa juu ya kipeo, viwili hivyo huzidishwa. Ama namba zikijumlishwa, sheria hizi hazina amri juu yake hata kidogo. Ilinipasa kuona kwamba 2ˣ⁺¹ ni 2ˣ mara mbili, hivyo upande wa kushoto una fungu moja la 2ˣ pamoja na mafungu mawili ya namna ile ile, jumla matatu. 3 × 2ˣ ikiwa 24, basi 2ˣ ni 8, na kwa kuwa 8 ni 2³, x ni 3.

Tangu siku hiyo siigusi x kabla sijavifanya vizio vya pande mbili kuwa kimoja. Chukua 8ˣ⁻¹ = 4ˣ⁺², ambao kwa mtazamo wa kwanza hauna pa kushikwa: 8 ni 2³ na 4 ni 2², kwa hiyo mlinganyo wasema kuwa 2³ˣ⁻³ ni sawa na 2²ˣ⁺⁴, na vizio vikiisha kuwa sawa, vipeo navyo sharti viwe sawa; 3x − 3 = 2x + 4, na x ni 7. Ukihakiki, utapata 262,144 kila upande. Lakini tahadhari, hoja hii haifai kizio kikiwa 1, kwani 1⁵ na 1⁹ ni kitu kimoja ilhali 5 si 9.

Kilichonitaabisha zaidi ni kipeo cha sifuri, nikidhani 2⁰ haina budi kuwa sifuri. Shuka ngazi taratibu: 8, 4, 2, kila hatua nusu ya iliyotangulia, hatua ifuatayo ni 1, na baada yake nusu, na robo, ambazo ni 2⁻¹ na 2⁻². Al-Samawal wa Baghdad, katika karne ya 12, alizipanga daraja hizi katika jedwali, moja ikiwa katikati, zinazopanda upande huu na zinazoshuka upande ule. Nami natamani ningalionyeshwa jedwali la namna hiyo kabla ya kukaririshwa kanuni.

Aghalabu mlinganyo huja umevaa nguo za mwingine. Katika 4ˣ − 2ˣ − 12 = 0, 4ˣ ni mraba wa 2ˣ; ukiita 2ˣ kwa jina la y, wapata y² − y − 12 = 0, na y ni 4 au −3. Hilo la pili nalitupa bila majonzi, maana 2 haizai namba hasi kwa kipeo chochote cha namba halisi; la kwanza lanipa x = 2.

Na ukikutana na 2ˣ = 10, usijichoshe kutafuta kizio cha pamoja kilicho namba nzima, maana hakipo. Hapo ndipo pa logarithimu, alizozitangaza John Napier wa Uskoti mwaka 1614: gawanya logarithimu ya 10 kwa logarithimu ya 2, nawe utapata 3.32 hivi.