Kuwahoji Wanaume na Wenza Wao Kuhusu Uzazi wa Mpango wa Mwanamume: Mwongozo kwa Wadodosaji na Wasimamizi

Mwongozo huu ni wa wadodosaji, wasimamizi wao na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaotumwa kukusanya maoni kuhusu njia za uzazi wa mpango zinazotumiwa na mwanamume mwenyewe. Msingi wake ni huu: jibu lina thamani pale tu mhojiwa anapoielewa njia anayoulizwa, na anapojibu bila mwenzake kumsikia.

Eleza njia kabla ya kuuliza

Swali "Je, ungekubali kutumia njia ya uzazi wa mpango ya wanaume?" lisiwemo kwenye dodoso. Mmoja atafikiria kondomu, mwingine kisu, na wote wataandikiwa "hapana" kana kwamba wamekataa kitu kimoja. Taja njia moja moja, eleza inavyofanya kazi, ndipo uulize.

Vasektomi ipewe muda wa kutosha, maana wanaume wengi bado wanaamini ni kuhasiwa. Sema wazi kwamba hukatwa na kufungwa mirija miwili inayopitisha mbegu. Korodani hubaki, nguvu za kiume hubaki, shahawa hutoka kama kawaida ila hazina mbegu. Yasiyopendeza nayo yasemwe: ichukuliwe kuwa ya kudumu, kwani kuunganisha tena mirija ni kazi ngumu isiyo na uhakika, na kwa miezi mitatu ya mwanzo wenza hulazimika kutumia kinga nyingine. Utafiti uliofanyika mkoani Kigoma na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa uamuzi huu hubebwa na mambo mengi: uchumi, ushawishi wa mke, dini, sifa ya mtoa huduma, na mashaka kuhusu maisha ya baadaye. Kwa hiyo usiishie kwenye "ndiyo" au "hapana". Uliza angefanyaje akifiwa na mtoto, au akioa tena.

Kwa njia ambazo bado zinajaribiwa, uangalifu uzidi. Mfano ni jeli yenye homoni za Nestorone na testosterone, ambayo majaribio yake kwa wenza yalianza mwaka 2018 katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Mwanamume huipaka mabegani kila siku, na mbegu hupungua baada ya wiki kadhaa, si siku ileile. Jeli ya testosterone inaweza kuhamia kwa mtu mwingine kwa kugusana ngozi, kwa hiyo lazima ikauke na kufunikwa. Hapo ndipo maswali mazuri yanapozaliwa. Unampakata mtoto saa ngapi ukitoka kazini? Chupa ungeiweka wapi ndani ya nyumba? Na kwa mvuvi: ukilala ziwani siku mbili bila kupaka, ungemwambia mwenzako? Mvuvi atakayejibu haya amekupa maoni yake halisi. Aliyesema "naipenda" amekupa adabu tu.

Kuhusu madhara, usimkisie mtu. Jaribio la sindano za wanaume lililodhaminiwa na Shirika la Afya Duniani, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016, lilihusisha wanaume 320. Sindano zilisitishwa mwaka 2011 kwa ushauri wa kamati ya usalama, sababu kubwa ikiwa ni madhara, yakiwemo mabadiliko ya hisia. Habari zikaenea kwamba wanaume walishindwa kuvumilia. Ukweli ni kwamba zaidi ya robo tatu ya washiriki walisema wangeitumia njia hiyo kama ingepatikana. Mwache mhojiwa mwenyewe aseme ni dhara gani lingemfanya aache.

Mwenza si shahidi wa mumewe

Mwanamke aulizwe yake: angejisikiaje kuacha sindano au vidonge, angejuaje kwamba mwenzake ametumia kweli, na mimba ikiingia mzigo ungemwangukia nani. Utafiti wa mwaka 2000 kwa wanawake 1,894 waliohudhuria kliniki za uzazi wa mpango Scotland, Shanghai, Hong Kong na Cape Town ulikuta asilimia 2 tu wasingewaamini wenza wao kutumia kidonge cha wanaume. Hao walikuwa wanawake wa kliniki, mijini. Usihamishie imani yao kwa mke wa mkulima asiyejua mumewe analala wapi msimu wa mavuno.

Wapo wanawake wanaochomwa sindano za uzazi wa mpango bila waume zao kujua. Neno moja la mdodosaji linaweza kuwaletea kipigo. Kwa hiyo wenza wahojiwe kila mmoja peke yake, ikiwezekana kwa wakati uleule, mwanamke na mdodosaji wa kike, mwanamume na wa kiume. Jibu la mmoja lisibebwe kamwe kwenda kwa mwingine, hata kwa utani. Andaeni mapema mada ya kuhamia, kama chanjo za watoto au maji, ili mama mkwe akitokea mlangoni mazungumzo yageuke bila kigugumizi.

Kijana anayemhoji mtu mzima aanze na heshima inayostahili: "Shikamoo baba. Naomba tuongee mambo ya ndani kidogo. Swali usilolipenda, niambie tuliruke." Kisha anyamaze, asubiri.

Vibali

Tanzania Bara, kibali cha maadili hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Kenya, pamoja na kibali cha kamati ya maadili, huhitajika leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI). Mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa na ashukuriwe, lakini asichague kaya wala asikae kwenye mahojiano.

Baada ya mahojiano

Majibu ya wenza yakipingana, yaandikwe yote mawili kama yalivyotolewa. Msimamizi asirudi kuuliza nani amesema kweli. Kabla ya kuondoka, kila mmoja aelezwe kituo cha karibu kinachotoa huduma na siku zake. Asiyetaka karatasi ionekane nyumbani aambiwe kwa mdomo.