Ndege wa Majabali ya Mtoni

Msomaji, maji ya mto yapunguapo na majabali kutokeza, simama kidogo uyatazame kabla ya kuvuka. Huenda utaona ndege wadogo wametulia juu yake, urefu wao yapata sentimeta 18, rangi kama ya moshi, miguu myekundu, na mstari mweupe kisogoni. Wataalamu humwita Glareola nuchalis. Jina la kwanza latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kokoto, nalo limemfaa. Katika Kenya huonekana hasa huku kwetu magharibi, kama vile mto Nzoia upande wa Mumias.

Ndege huyu hajengi kiota. Hutaga yai moja au mawili juu ya jiwe tupu, katika kishimo au ufa, mahali palipozungukwa na maji ili wanyama wasifike kwa urahisi. Mume na mke huyalalia kwa zamu yapata siku 20. Jiwe likishika moto mchana, mzazi hushuka mtoni akalowesha manyoya ya tumbo, kisha hurudi kuyapoza mayai. Mfuga kuku atastaajabu! Asubuhi na jioni huruka juu ya maji akikamata wadudu.

Mto ukifurika, majabali hufunikwa naye huhama mpaka maji yapungue tena. Hilo ni jambo la kila mwaka. Lakini jabali likipotea kabisa, hana pa kurudi. Ng'ambo ya mpaka, huko Jinja, maporomoko ya Ripon yalizama kwa ajili ya bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, na yale ya Bujagali yakazama kwa ajili ya bwawa lililofunguliwa mwaka 2012. Umeme twauhitaji, hapana shaka, lakini mawe yale hayataonekana tena.

Sisi wakulima tunayo yetu ya kufanya. Ukitaka kokoto za kujengea, usivunje majabali ya katikati ya mto. Ng'ombe wanyweshwe penye mchanga. Bomba la dawa ya wadudu lisioshwe mtoni, kwani dawa hiyo huua chakula cha ndege huyu, tena walio chini yako wanayanywa maji hayo hayo. Na watoto wakileta nyumbani mayai madogo yenye madoadoa, waulize wameyatoa jiwe gani, wayarudishe upesi kabla hayajapoa.