Injini Iliyolala Miaka Mingi

Swali: Marehemu baba aliniachia pikipiki, Honda CG125, iliyokaa stoo miaka kumi, kiki haishuki. Ninunue injini nyingine?

Jibu: La, ndugu yangu, wala usiilazimishe kiki, kwani aghalabu kilichoshika ni ringi zilizogandana na silinda kwa kutu. Fungua plagi, mimina oili nyepesi, iache siku kadhaa, kisha, gia ikiwa ya juu, lisukume gurudumu la nyuma taratibu, mbele na nyuma, hadi pistoni iachie. Usiiwashe kabla ya kumwaga petroli ya zamani, kusafisha kabureta na kubadili oili. Silinda ikiwa imechimbika, fundi huichonga na kutia pistoni kubwa zaidi kidogo. Krenki ikiwa imeliwa, hapo ndipo, kwa rai yangu, injini nyingine inapojuzu, na nambari yake haina budi kuandikishwa kwenye kadi.