Swali "Inasimamaje?": Kufundisha Sanamu na Daraja kwa Pamoja

Utangulizi

Katika mazoezi ya kufundisha tumeona mara nyingi kwamba mtoto akionyeshwa sanamu isiyofanana na mtu wala mnyama, mwalimu humwuliza: "Hii ni sanamu ya nini?" Mtoto hukosa jibu, wenzake humcheka, naye huondoka akiamini kuwa hana akili ya sanaa. Kosa ni la swali, si la mtoto. Tunapendekeza swali jingine: "Inasimamaje?" Hili hujibiwa kwa macho na mikono, nalo huunganisha Sanaa na Sayansi.

Maelezo kwa mwalimu

Mwaka 1968 msanii wa Marekani, Kenneth Snelson, alitengeneza sanamu iitwayo Needle Tower, iliyopo katika makumbusho ya Hirshhorn mjini Washington. Ni mnara wenye kimo cha meta 18 hivi. Mabomba yake ya alumini hayagusani. Yameshikwa na nyaya za chuma zilizokazwa. Mabomba hubanwa, nyaya huvutwa, na kani hizo mbili zikilingana mnara husimama.

Kani hizo hizo zimo katika Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa mwezi Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, mahali ambapo zamani watu walivuka kwa kivuko. Daraja hilo lina urefu wa kilomita 3 hivi. Katika sehemu yake kuu, nyaya nene zitokazo kwenye minara husaidia kubeba barabara. Nyaya huvutwa, minara hubanwa, na uzito huteremka kwenye nguzo hadi chini ya ziwa.

Hata hivyo, tusiwaambie watoto kwamba vitu hivi ni kimoja. Sanamu hujibeba yenyewe na upepo wake. Daraja hubeba pia malori na uhai wa watu. Kwa hiyo mhandisi hana budi kupiga hesabu ya kila mzigo kabla ya kujenga.

Somo (Darasa la Sita, vipindi 2)

Zana: vijiti 3 vilivyo sawa, vipande 9 vya uzi wa nyavu, na wembe wa mwalimu.

1. Chanjeni ncha za vijiti ili uzi usiteleze.

2. Fungeni ncha 3 za chini kwa nyuzi 3 ziwe pembetatu. Za juu vivyo hivyo.

3. Kwa nyuzi 3 zilizobaki, ungeni ncha ya juu ya kila kijiti na ncha ya chini ya kijiti jirani, zote kwa mzunguko mmoja. Kazeni mpaka vijiti visimame bila kugusana.

4. Kila mtoto aguse na kueleza: kipi kinabanwa, kipi kinavutwa?

5. Watoto watabiri kitakachotokea uzi mmoja ukikatwa, kisha mwalimu aukate. Umbo zima litalegea na kuanguka.

Hatua ya tatu huhitaji uvumilivu. Mwalimu ajaribu kwanza nyumbani. Asiharakishe hatua ya tano, kwani mtoto aliyetabiri vibaya amejifunza sawa na aliyepatia.

Zoezi kwa wanachuo

Tembeleeni Jiwe la Bismarck ufukweni mwa Mwanza. Mawe yale yanasimamaje, ilhali hakuna waya unaoyavuta? Andaeni maswali matatu ambayo mtoto ataweza kuyajibu kwa kutazama tu.