Dondoo muhimu: Kumtunza paka wa nyumbani

Usimtenge paka mchanga na mama yake kabla ya wiki 8. Kwa mama ndiko anakojifunza kucheza bila kung'ata.

Maziwa ya ng'ombe, ambayo wengi wetu humwekea kwa mapenzi, huwaharisha paka wengi waliokwisha kukua. Mwekee maji safi. Dagaa ni chakula kizuri sana: waoshe mchanga, wachemshe bila chumvi, na usitie kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwani vyote viwili huharibu damu ya paka. Ugali mtupu haumtoshi. Huyu ni mla nyama.

Akiugua, usimpe Panadol hata kipande. Dawa hiyo, tunayoinywa sisi bila wasiwasi, humuua. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Sanduku lake la mchanga au maranda lisafishwe kila siku, na mama mjamzito asilisafishe yeye. Kinyesi cha paka huweza kubeba vimelea vinavyomdhuru mtoto tumboni.

Jioni mchezee. Kitambaa kilichofungwa kwenye kamba kinatosha kuifurahisha nyumba nzima, ila mkimaliza kiondoeni, maana akimeza uzi utumbo wake utaumia.

Kichaa cha mbwa humpata paka pia. Achanjwe akiwa na miezi 3, kisha arudie kama daktari atakavyoelekeza. Mtu aking'atwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo.